Umeweka paswedi kwenye ukurasa, mbona noti zinafunguka?

Haya watu wangu, karibuni tena. Wiki iliyopita mlinikosa, umeme ulinichezea shere. Maikrofoni mpya ndiyo hii, mtaniambia kama inasikika. Leo ni tovuti ya wanachama. Kununua domeni na kupandisha WordPress, mfumo wa kujengea tovuti, tulishamaliza, sirudii, twende kwenye kufuli.

WordPress inakuja na kufuli la bure. Fungua ukurasa, nenda sehemu ya mwonekano, chagua ulindwe kwa paswedi, hifadhi. Basi. Kwa mwenye kuficha ratiba ya kikao cha harusi, linatosha kabisa. Ila mteja wangu ni mwalimu wa tuisheni, anauza noti za Baiolojia za kidato cha nne, wanafunzi wanamlipa kwa M-Pesa. Paswedi ni moja kwa wote! Mmoja akiitupa kwenye grupu la WhatsApp, mwalimu anagawa bure. Halafu brauza inaikumbuka siku 10. Aliyeingilia intaneti kafe akiondoka, anayekaa kwenye kiti chake anajisomea tu.

Sasa njoo kwenye kilichonikera. Tazama skrini. Hii ni PDF ya mada ya urithi, iko ndani ya ukurasa wenye paswedi. Naingia kama mwanafunzi, paswedi hii, nimekubaliwa. Nabonyeza noti, nanakili linki yake. Umeiona? wp-content, uploads, mwaka, mwezi, jina la faili. Nafungua dirisha la faragha, yaani sasa mimi ni mpita njia, sijalipa hata mia. Nabandika… inazunguka… hiyo hapo! Kurasa zote, mpaka mchoro wa kromosomu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ngoja nirudie, mtu asije kusema nimehariri. Nafunga, nafungua, nabandika. Hiyo hapo tena. Paswedi inalinda ukurasa. Faili liko kwenye folda yake, seva inampa yeyote mwenye linki.

Kwa hiyo nimehamia Paid Memberships Pro, plagini, yaani kiongezo cha WordPress, ya kusimamia wanachama. Toleo la msingi ni bure, kila mwanafunzi ana akaunti yake, asipolipa unamtoa yeye peke yake. Matoleo ya kulipia ni dola, kwa mwaka, na mwalimu wa tuisheni mnamjua, nikamwambia tuanze na la bure. Kuna wanaoniambia niache WordPress niende Wix, huduma nyingine ya kujengea tovuti, maana eneo la wanachama limo humo humo. Ni rahisi kweli, sibishi. Lakini siku ukitaka kuhama na tovuti yako, tutaonana.

Usishangilie mapema lakini. Ukiiweka tu hivi hivi, PDF bado inafunguka, nimeijaribu. Lazima uwashe kilinzi cha faili: mstari mmoja kwenye wp-config, faili la mipangilio ya WordPress, PMPRO_GETFILE_ENABLED iwe true, halafu kanuni kwenye .htaccess, faili la maagizo kwa seva ya Apache, ya kupitisha PDF zote kwa plagini kwanza. Kama seva yako ni ya aina nyingine, Nginx, .htaccess haisomwi kabisa, mwambie mwenye hosting akuwekee kanuni kwake. Na ukurasa wa wanachama usiuweke kwenye keshi, yaani nakala zinazohifadhiwa ili tovuti ifunguke haraka, mgeni asije kupewa nakala ya aliyelipa.

Tunajaribu mara ya mwisho. Dirisha la faragha, linki ile ile ya urithi, nabandika… imekataa. Naingia kwa akaunti ya mwanafunzi… kromosomu hizi hapa. Nampigia mwalimu.