Raha nilizimalizia chini, angani nikaenda kulala

Mara yangu ya kwanza kupanda ndege ya usiku kwenye daraja la biashara, nililala saa mbili. Kiti hakikuwa na kosa. Kilikuwa kinalala bapa kabisa, blanketi zito, mto wa kweli na si kile kibahasha cha pamba tunachopewa kule nyuma. Mwenye kosa nilikuwa mimi. Nilitaka kuonja kila kitu, maana nani anajua lini nitarudi tena mbele? Safari ilikuwa ya saa saba angani. Vitambaa vya meza vilianza kutandikwa saa saba kasoro dakika kumi usiku, sahani ya jibini ikaondolewa saa nane na dakika ishirini, na saa kumi na moja alfajiri taa zikawashwa ili tupewe kifungua kinywa. Nilishuka macho mekundu, tumbo limejaa, nikiwa nimetumia pointi zangu za miaka kadhaa kula usiku wa manane.

Juzi nimerudi nyumbani kwa safari ileile, muda uleule wa kuondoka, shirika lilelile. Safari hii niliamua kula na kuoga launjini, yaani kwenye ukumbi wa mapumziko wa uwanja wa ndege, kisha ndege niitumie kwa kazi moja tu: kulala. Kwa hiyo ninachokipima hapa ni kama ule ukumbi wa mapumziko uliniongezea usingizi au la.

Ndege ilikuwa iondoke saa sita kasoro dakika ishirini usiku. Nilifika mlangoni saa mbili na nusu, nikakuta dada wa mapokezi ametulia kama maji ya mtungini. Akaangalia pasi yangu ya kupandia ndege, akaangalia saa, akaniambia bado dakika kumi. Kumbe kanuni yao, kama ya launji nyingi, ni kuingia saa tatu kabla ya kuondoka, isipokuwa kama unaunganisha ndege. Nikasimama pembeni na begi langu kama mwanafunzi aliyechelewa darasani. Nilichukia kidogo, lakini baada ya kuingia nilielewa. Watu walikuwa wengi.

Launji za siku hizi si zile za hadithi. Ile ya American Airlines, Admirals Club, ilipofunguliwa katika uwanja wa LaGuardia, New York, mwaka 1939, uliingia kwa mwaliko. Sasa kuna wenye tiketi za mbele, kuna wenye kadi za juu za miungano ya mashirika ya ndege, kuna walioingia kwa kadi ya benki, na katika launji zisizo za shirika moja kuna kundi zima la wenye Priority Pass, mpango wa uanachama wa kuingilia launji ulioanza mwaka 1992. Wote wanatafuta kitu kimoja: kiti kilicho karibu na soketi. Mimi mwenyewe niliwahi kugeuzwa mlangoni na kadi yangu mkononi, katika uwanja mwingine, nikaambiwa ukumbi umejaa, nirudi baada ya saa moja. Tangu hapo huwa siihesabu launji ya kadi kama haki; naihesabu kama bahati. Ya tiketi ni afadhali, kwa kuwa mwenye tiketi ya mbele huwa hageuzwi kirahisi.

Jambo la kwanza nililofanya, hata kabla ya kutafuta pa kukaa, ni kujiandikisha bafuni. Hili nawasihi. Watu wengi huingia, hujitupa kwenye sofa, hula, kisha ndipo hukumbuka kuoga, wakati huo foleni imeshafika watu kumi na ndege inaita. Mbele yangu walikuwa sita. Wakanipa kile kidude kinachotetemeka zamu yako ikifika, nikakitia mfukoni.

Ukumbi umegawanywa vizuri kuliko nilivyotarajia. Karibu na mlango ni viti vya wenye kuongea na simu, na wapo, tena kwa sauti. Katikati ni meza za kulia. Mwisho kabisa, nyuma ya ukuta wa mbao, kuna chumba chenye mwanga hafifu na viti vya kujinyoosha vinane. Vinane, kwa ukumbi wa watu mia na zaidi! Vyote vilikuwa na watu au na majaketi ya watu. Kuna bwana mmoja aliyeweka begi lake kwenye kimoja, yeye mwenyewe akawa anakoroma kwenye cha pili. Hakuna mhudumu aliyemgusa. Kwa hilo naikata launji hii alama, maana chumba cha kupumzika kisicho na msimamizi huwa stoo ya mizigo.

Nikapata kiti kando ya dirisha, soketi mbili, zote zinafanya kazi. Waifai ya haraka, haidai uandike barua pepe yako wala jina la bibi yako.

Saa tatu na dakika kumi nikaenda kula. Hapa ndipo mpango wangu ulipokuwa na kiini chake, kwa hiyo sikula kwa kudonoa. Kulikuwa na meza ya kujihudumia, na pembeni sehemu ndogo unayokaa ukaletewa. Nilichagua kuletewa: supu, samaki na mboga, tunda. Chakula cha kawaida tu kilichopikwa vizuri, na kilikuwa na ladha. Hilo la ladha si dogo. Ndani ya ndege hewa husukumwa hadi shinikizo linalolingana na lile la mlimani, hadi mita 2,400 kwa ndege nyingi, na karibu mita 1,800 kwa zile mpya kama Boeing 787 na Airbus A350. Unyevu nao hushuka, mara nyingi hadi kati ya asilimia 10 na 20. Pua hukauka, na chumvi na sukari hufifia mdomoni. Lufthansa, shirika la ndege la Ujerumani, waliona abiria wao wakiagiza juisi ya nyanya kwa wingi mno wakiwa angani, wakawaomba watafiti wa Fraunhofer, taasisi ya utafiti ya hukohuko, wachunguze, na jibu likawa kwamba ladha ile nzito ya nyanya hubaki wakati chumvi na utamu vinapungua. Kwa hiyo mpishi wa ndege, hata awe fundi, anapika kwa ajili ya ulimi uliokufa ganzi. Wa launjini anapikia ulimi mzima.

Wapo wanaolijua hili rasmi. British Airways, kwa safari zake fupi za usiku kutoka New York kwenda London, iliwahi kuwapa abiria wa mbele mlo kamili ukumbini ili wakiingia ndegeni walale. Shirika langu halikuwa na utaratibu huo, lakini hakuna aliyenizuia kuupanga mwenyewe.

Kosa nilikaribia kulifanya mbele ya mashine ya kahawa. Mashine ile ni nzuri, inasaga punje palepale, harufu inakuvuta sikio. Mkono ulishafika kwenye kitufe. Kisha nikakumbuka kwamba kafeini huchukua kama saa tano mwilini kupungua nusu, yaani kikombe cha saa tatu usiku kingekuwa bado kinanipigia ngoma saa nane. Nikachukua chai ya majani yasiyo na kafeini, na maji, glasi tatu. Divai nayo ilikuwapo, chupa zimepangwa kama maktaba. Niliipita. Divai hukulaza upesi na kukuamsha upesi, na kwenye hewa kavu kama ile unaamka na koo la mchanga. Najua wapo watakaosema nimeenda launjini kunywa maji. Ndiyo, nilienda kunywa maji.

Kidude kilitetemeka saa nne na robo. Bafu ni chumba chako peke yako, choo ndani, kioo kikubwa, sehemu ya kutandaza begi. Maji ya moto yalikuja kwa nguvu. Nilikaa chini ya bomba dakika kumi hivi, na hii haikuwa anasa tu: mwili ukioshwa kwa maji ya moto saa moja au mbili kabla ya kulala, damu husogea kwenye ngozi, joto la ndani hushuka, na usingizi huja mapema. Nikabadili nguo humohumo. Nilivaa suruali ya kulalia iliyo na heshima kidogo na fulana ya mikono mirefu, ili nikifika kwenye kiti nisihangaike kuvua viatu na mkanda kwenye choo cha ndege, ambako hata kugeuka ni kazi. Nikapiga mswaki kabisa. Malalamiko yangu ni taulo. Moja, nyembamba, ukubwa wa kufutia vyombo. Nilipoomba la pili niliangaliwa kama nimeomba funguo za ndege.

Sasa sehemu iliyonitoa jasho baada ya kuoga. Launji ile haitangazi ndege. Kuna kibao kidogo mapokezi kinachosema hivyo, lakini nani husoma kibao? Ni utaratibu wa kumbi nyingi, ili pawe kimya, na kwa kweli ukimya ule ni mtamu. Ila unamaanisha jukumu ni lako na lile jedwali la kwenye skrini. Nilipotoka bafuni nilikaa, nikafumba macho dakika tano ambazo zilikuwa dakika kumi na tano. Nilipofumbua, safari yangu ilikuwa inamwekamweka. Saa tano kasoro dakika tano. Geti langu lilikuwa jengo la pili, unapanda treni ndogo ya ndani ya uwanja, kisha unatembea. Mashirika mengi hufunga mlango dakika 15 au 20 kabla ya muda wa kuondoka ulioandikwa, na muda huo wa kuondoka ndio wengi tunaodhani ni wa kuingia. Nilitembea ule mwendo wa mtu asiyetaka kuonekana anakimbia. Nilifika na dakika kadhaa mkononi, lakini raha ya bafu ilikuwa imepungua nusu. Wekeni kengele kwenye simu kabla ya kuketi. Iwekeni kabla, maana sofa zile zina ulaghai.

Ndani ya ndege mhudumu alikuja na trei ya vinywaji na kadi ya chakula. Nilimwambia mapema, kwa upole, kwamba sitakula chakula cha usiku, na kwamba asubuhi aniamshe dakika hamsini kabla ya kutua, chai tu. Akatabasamu kama mtu aliyepunguziwa mzigo. Akaniuliza kama nina uhakika, maana kuna wanaosema hivyo kisha wakisikia harufu wanabadili mawazo. Nilikuwa na uhakika, ingawa harufu ilipokuja niliyumba kidogo.

Ujanja mwingine nilioupata safari zilizopita: funga mkanda juu ya blanketi, uonekane. Ndege ikianza kutikisika na taa ya mikanda ikawaka, wahudumu hupita kukagua. Wasipouona mkanda wako, watakuamsha, na wana haki.

Kiti chenyewe nisikisifie kupita kiasi. Kinalala bapa, ndiyo, jambo ambalo British Airways ililileta kwenye daraja la biashara mwaka 2000 na sasa wengi wanalo. Lakini tundu la miguu ni jembamba, na mtu mwenye kiatu kikubwa kama mimi analala kama barua ndani ya bahasha. Atakayekata tiketi aangalie kwanza ramani ya viti. Viti vya safu ya kwanza katika ndege nyingi vina nafasi kubwa zaidi ya miguu, ila viko jirani na jiko, na jikoni usiku kucha kuna kufungua na kufunga makabati. Vipo pia viti vya zamani vinavyosemwa vinalala, kumbe vinainama kwa mshazari, na usiku mzima unateleza kuelekea magotini.

Tuliondoka kwenye njia ya kurukia saa sita juu ya alama. Saa sita na nusu na dakika chache taa ya mikanda ilizimwa, nikalaza kiti, nikatia vizibo masikioni, nikafunga kitambaa machoni. Niliamka mara moja, sijui ni saa ngapi, nikanywa maji, nikageuka. Kilichofuata ni mkono wa mhudumu ukigusa bega langu na neno "dakika hamsini." Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi. Ukitoa ule muda wa kuamka, zilikuwa zaidi ya saa tano. Ukilinganisha na mbili za mara ile, kwa kiti kilekile, tofauti yote ilitoka kwenye ule ukumbi wa chini.

Alama zangu, kati ya tano: bafu lingepata tano kama si taulo, kwa hiyo nne. Chakula cha kuletewa, nne na nusu. Waifai na soketi, tano. Chumba cha kupumzikia, mbili, na hata hizo ni kwa ajili ya mwanga wake mzuri. Mapokezi, tatu, maana wangeweza kuwaambia wageni kwa mdomo kwamba ndege haziitwi.

Begi langu lilikuwa na kibandiko chekundu cha kipaumbele. Lilitoka baada ya mabegi yote ya watu wa nyuma, na nililingoja pale kwenye mkanda nimesimama, macho meupe, nikiwa mtu pekee katika kundi lile asiyepiga miayo.