Leba ya hospitali ya mkoa: nyota 3, damu ingekuwepo ningewapa 5

Jina la hospitali silitaji maana wifi yangu bado anapeleka mtoto kliniki palepale.

Alijifungulia kituo cha afya cha kata, mtoto katoka vizuri saa nne usiku, kondo la nyuma likagoma. Damu inatoka tu, kanga ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka nesi akaacha stori zake. Akapiga 115, ile ya m-mama, usafiri wa dharura wa wajawazito na waliojifungua, na hawa nawapa maua yao. Ambulensi ya wilaya ilikuwa safari nyingine, wala hatukuambiwa tusubiri, wakatuma dereva wa mtaani aliyesajiliwa, jamaa na Noah yake, kafika fasta na hatukutoa hata mia maana yeye analipwa kwa simu akishafikisha mgonjwa.

Getini sasa. Mlinzi anataka kadi ya kliniki, kadi ipo kwenye beseni, beseni limebaki kituoni. Nikamwambia kaka angu hebu ona hii kanga. Akaiona, akafungua.

Leba penyewe wako vizuri jamani. Nesi mmoja mfupi kakamata tumbo anakanda kizazi kwa ngumi, jasho linamtoka, huku anamsemesha, "Mama usilale, mtoto anaitwa nani?" Wifi anajibu hajapewa jina. "Basi mpe sasa hivi, nasubiri!" Dripu mbili, sindano ya kukaza kizazi, daktari kaja kalitoa kondo kwa mkono, hata hawakungoja asubuhi wala sijui karatasi gani. Wanaposema vifo vya uzazi vimeshuka toka 556 kwa kila vizazi hai laki moja kwenye utafiti wa 2015/16 mpaka 104 ule wa 2022, kwa mikono ya yule dada naamini.

Shida damu. Maabara wana chupa moja tu ya grupu lake, ya pili mpaka ndugu atoe, na saa saba ile usiku ndugu ni mimi peke yangu, nanyonyesha, wakanikataa. Kaka yuko mgodini Geita. Nikaanza kuwapigia vijana wa kijiweni kwake, wawili wakaja na bodaboda wakatoa, kumbe hata ukitoa haiongezwi hapohapo, lazima ipimwe kwanza ukimwi, homa ya ini na kaswende. Ya pili kaipata kumekucha, midomo ishakuwa myeupe kama karatasi. Hospitali ya mkoa, chupa moja!

Na hiyo huduma ya uzazi wanayosema ni ya bure, glovu na kanyula, kile kimrija cha kuingizia dripu mshipani, nilitumwa duka la nje ya geti mara mbili, elfu 27, risiti ninayo.

Mwenye mjamzito ndani, jua grupu lake la damu leo na watafute watu wawili wa kuchangia wanaopokea simu usiku. 115 hata huna salio inapigika.