Vikombe vya silikoni vya kukinga spika za mlangoni: nimekaa navyo masika nzima, haya ndo niliyoyaona

Wakuu habari za saa hizi. Hii ni kwa yeyote ambaye spika zake za mlangoni zinakufa kila mvua zikianza. Mi imeshanikuta, iliniuma sana, na hela iliyoteketea pale bado naikumbuka, ndo mana nataka nieleze kitu kizima mpaka kwenye kufunga, kwa sababu hivi vikombe ukivifunga vile vinavyokuja unaweza ukaviona havina maana wakati ni kitu kizuri kabisa.

Gari yangu ni Toyota IST, toleo lile la mwanzo, inalala nje, huku Tabata, Dar, chini ya mwarobaini. Nilifunga spika mpya za mbele inchi 6 na nusu, koni yake (ile sehemu ya mbele inayotetemeka) ni ya karatasi, na miezi ya mwanzo sauti ilikuwa tamu mpaka nikawa naondoka nyumbani mapema makusudi nisikilize mziki kwenye foleni. Zikaja mvua za Aprili. Spika ya upande wa dereva ikaanza kukwaruza, kwanza kwenye besi tu, baadae hata mtangazaji wa redio akiongea unamsikia kama ana mchanga mdomoni, alafu siku moja asubuhi kimya. Nikafungua mlango mwenyewe. Sumaku ilikuwa imevaa kutu ya rangi ya chungwa, pale nyaya zinapochomekwa pameota kijani, koni imelainika pembeni kama karatasi iliyoloweshwa, na nilipoisukuma taratibu kwa vidole viwili nikasikia krrr, koili, yaani ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, imeshagandana na kutu ndani. Hapo hakuna dawa, unanunua nyingine.

Nikaenda kwa mzee mmoja fundi redio, mtu mzima, nikamwamkia shikamoo nikampa ile spika, akaigeuza mara moja tu akaniuliza, "Kijana wangu, nailoni ya mlangoni iko wapi?" Nikamwambia mzee mi hata sijui kama kuna nailoni. Kumbe fundi wa mwanzo alivyofunga spika aliichana akaitupa. Mzee akanielekeza kitu ambacho sikuwahi kukiwaza, kwamba mlango wa gari unaingia maji tangu unatoka kiwandani, ndivyo ulivyotengenezwa. Ile raba ya nje inayogusa kioo inapangusa tu, haizibi, maji yanateremka na kioo mpaka ndani ya mlango alafu yanatokea chini kwenye vitundu vya ukingo wa mlango. Nailoni kazi yake ni kuyazuia yasije upande wa kava la ndani la mlango na kwenye kapeti. Na spika ya kiwandani mara nyingi inakuja na kofia ya plastiki kwa juu. Hizi tunazonunua dukani hazina, mgongo wote uko wazi.

Kwahiyo kiu yangu ya kuziba kila tundu ili maji yasiingie ilikuwa kupoteza muda. Maji yataingia tu, kinachotakiwa ni yapite bila kuigusa spika.

Ndo nikanunua hivi vikombe, Kariakoo, 25,000 kwa pea. Ni bakuli jeusi laini la silikoni, lina mikunjo mikunjo unaweza kulibonyeza likawa fupi, spika inakaa mdomoni na mgongo wake unaingia ndani ya bakuli. Kulikuwa na vya sponji pia, bei nafuu, nikakiminya kimoja kilichokuwa kimelowa pale mezani kikatoa maji kama dodoki. Nikakirudisha. Kitu kinachonyonya maji alafu kinakaa kimekumbatia sumaku yako, hapana.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwenye paketi hakuna karatasi ya maelezo, kwahiyo mara ya kwanza nikavifunga vizima. Besi ikapotea yote. Spika za mlangoni zinatumia hewa ya mlango mzima kupumua, ukizifungia kwenye kabakuli kadogo hivyo koni inashindwa kwenda na kurudi, sauti inabaki nyembamba ya juu juu tu. Nilikasirika nikataka kuvitoa nivirudishe dukani. Yule mzee akaniambia chukua mkasi. Tukakata nusu ya chini yote, ikabaki nusu ya juu inafunika spika kama mwamvuli, na ukingo wake unatokeza kidogo nyuma ya sumaku ili tone likianguka lidondokee mbali. Besi ikarudi palepale. Na faida ya pili, hata unyevu ukiingia mle haubaki umetuama, maana ukiacha kikombe kizima maji yakishapata njia ya kuingia yanakaa humo kama kwenye sufuria na spika imo ndani yake.

Kabla hujakaza skrubu shusha kioo mpaka mwisho. Mlango wangu wa kushoto kikombe kilikuwa kinagusana na kioo, ningefunga bila kuangalia kingekwama au kingechanika siku ya kwanza, ikabidi tukibonyeze na kukipunguza kama sentimita moja hivi. Waya nao usishuke kutoka juu moja kwa moja kwenye spika, maji yanaufuata waya kama kamba, uache uning'inie chini kwanza alafu ndo upande kuingia, tone litadondokea pale kwenye kitako cha waya.

Nailoni tukaweka mpya, ile nene, tukaibandika kwa gundi nyeusi ya butaili, hiyo mafundi wa taa za magari wanayo, haikauki na ukitaka kuifungua unaivuta tu inatoka. Upande wa chini wa nailoni uingie ndani ya mlango, usiishie nje, vinginevyo maji yote yanakuja kwenye kapeti. Mzee alikataa kabisa silikoni ya kubana inayonuka kama siki, anasema ile harufu ni asidi na inakula bati, na kweli mlango wangu ulikuwa na sehemu fundi wa mwanzo aliipaka na kutu ilikuwa imeanzia hapohapo.

Alafu vile vitundu vya chini, jamani. Tulichokonoa kwa spoku ya baiskeli. Yakatoka majani ya mwarobaini yameoza yamekuwa tope jeusi, na nyuma yake maji yenye rangi ya chai ya rangi, yanatiririka mpaka nikaweka kopo, likajaa nusu. Hayo maji yalikuwa yanatembea na mimi kila siku, nikikata kona yanacheza chwaa, nami nilikuwa nadhani ni chupa ya maji chini ya siti.

Kabla ya kurudisha kava tulimwaga maji kwenye kioo kwa ndoo, mi nimeinama na tochi ndani. Nashauri kila mtu afanye hivi, ukiona mwenyewe unaelewa. Maji yanashuka na kioo, yanafika kwenye mashine ya kioo yanagonga chuma na kutawanyika, na tone baada ya tone linakuja palepale juu ya sumaku. Sasa yakawa yanatua mgongoni mwa kikombe, yanateleza, yanadondoka chini na kutoka kwenye vitundu. Kwenye spika hakuna hata tone moja. Nilifurahi sana aisee.

Masika yote ikapita, mvua zile za kulala mpaka asubuhi na gari iko nje, na kila Jumapili inaoshwa kwa mashine ya presha, ambayo nayo inasukuma maji mengi tu kwenye raba za vioo. Mwezi wa sita nikafungua tena. Sumaku kavu, nyaya zinang'aa, vumbi tu. Sauti ni ileile ya siku ya kwanza.

Mapungufu yapo. Mdomo wa kikombe ni mwembamba, pale skrubu inapopita ulichanika tundu moja kwa sababu tulikaza sana, weka washa ya plastiki. Kuna harufu ya raba kama wiki nzima gari ikikaa juani. Na wameandika inchi 6 na nusu ila kwangu kilikuwa kinacheza kidogo, tukajazia butaili. Kwa 25,000 walitakiwa waweke japo kikaratasi kinachosema kata hapa, wangeokoa watu wengi na hasira za bure. Mi nawapa nne kati ya tano.

Kama raba ya nje ya kioo imeshakakamaa na kupasuka, anza na hiyo, maji yatakuwa mengi mno kwa kikombe chochote. Kama spika zako ni za kiwandani na kofia yake ipo na nailoni haijaguswa, usinunue, huna shida hiyo. Na wanaopita bonde la Jangwani hapa Dar maji yakiwa yamejaa wajue maji yale yanapandia chini kwenye vitundu vilevile, mwamvuli hausaidii kitu hapo, ni bora kuzunguka.

Ufundi nililipa 20,000 milango miwili. Pea ya pili nimeshanunua, Jumamosi narudi kwa mzee tumalizie ya nyuma, na spoku naenda nayo.