Mechi Sita, Ushindi Sufuri: Naichambua Kenya ya Kombe la Dunia 2011

Karibuni tena, wadau. Leo mezani hakuna simu wala spika. Wengi mliomba tuichambue timu ya taifa ya kriketi ya Kenya, ile iliyokwenda India na Sri Lanka mwaka 2011. Haya basi. Nitaipima kama bidhaa yoyote hapa: ilivyotangazwa, kisha ilivyofanya kazi.

Tangazo lilikuwa zito, lazima tuseme. Mwaka 1996 kule Pune, Kenya iliwashinda West Indies kwa kuwatoa wote kwa mikimbio 93 (mikimbio ndiyo alama za kriketi). Mwaka 2003 ikafika nusu fainali ya Kombe la Dunia. Najua mtaniambia New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, tukapewa pointi za bure. Sawa, lakini Sri Lanka walikuja, na Collins Obuya akawachukulia wiketi tano, yaani akawatoa wapigaji watano, kwa mikimbio 24.

Sasa tuiwashe. Chennai, Februari 20, dhidi ya New Zealand. Nahodha ni Jimmy Kamande. Kenya inapiga kwanza na wote wanatoka kwa 69. Sitini na tisa, jamani! Ukirudia picha, usihangaike na ubao wa matokeo, tazama miguu ya wapigaji. Hamish Bennett na Tim Southee hawafanyi uchawi wowote. Wanatupa mpira wa kasi, umenyooka, unatua karibu kabisa na miguu, na mpigaji bado hajaamua asogee mbele au abaki nyuma. Bennett anaondoka na wiketi nne, Southee tatu, na mwenzao Jacob Oram tatu. New Zealand wakamaliza kazi kwa ova 8 (ova moja ni mipira sita) bila kupoteza hata wiketi moja.

Siku tatu baadaye, Hambantota, Pakistan. Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, kuliko hata Chennai. Urushaji ulianza vizuri, wafunguzi wa Pakistan, wale wapigaji wawili wa kwanza, wakatoka mapema. Halafu mkono ukalegea. Waidi! Kwa asiyefuatilia kriketi, waidi ni mpira uliopita mbali na mpigaji hata asiweze kuufikia, na mpinzani anaongezewa mkimbio bila jasho. Kenya ilitoa mikimbio 37 kwa waidi peke yake. Yaani zaidi ya nusu ya ile 69 iliyoitafuta kwa shida Chennai, safari hii inagawa sadaka. Kushindwa na kasi ya Southee naelewa. Waidi hakuna anayekulazimisha. Pakistan 317, Kenya 112, na Shahid Afridi akachukua wiketi tano.

Colombo, dhidi ya Sri Lanka, kidogo kulikuwa na uhai. Ndugu wawili, Collins na David Obuya, walitulia wakapiga nusu karne, yaani mikimbio hamsini na kitu, kila mmoja. Nikasema, leo kuna mechi. Kumbe mrushaji wao Lasith Malinga hajaanza. Anarusha mkono ukipita pembeni badala ya juu, mpira unakuja kwenye vidole vya miguu. Wiketi tatu kwa mipira mitatu mfululizo, jumla sita. Kenya nzima 142, na Sri Lanka wakapoteza wiketi moja tu kuifikia.

Delhi, Canada. Hii ndiyo mechi ya kushinda, na ndiyo tuliyoshindwa kwa wiketi tano, yaani walipita alama zetu wakiwa bado na wiketi tano mkononi. Aliyetuumiza ni Henry Osinde, mzaliwa wa Uganda, wiketi nne. Jirani kabisa huyo!

Kisha Bangalore, na hapa sielewi mpaka leo. Dhidi ya Australia, wenye Brett Lee na Shaun Tait, Kenya inafikisha 264, wapigaji sita tu wakitolewa! Collins Obuya, yule mrushaji wa 2003 aliyegeuka mpigaji, anabaki na 98 bila kutolewa. Ilibaki mikimbio miwili tu afikishe karne, yaani mia. Tulishindwa kwa tofauti ya mikimbio 60, lakini mliona uwezo upo. Wiki moja baadaye Kolkata, Zimbabwe wanatupiga kwa tofauti ya mikimbio 161, na mpigaji wetu mkongwe Steve Tikolo, akiwa na miaka 39, anaagana na timu.

Hapo kwa Tikolo ndipo ilipo kasoro yenyewe. Nguzo za 2011 bado zilikuwa zile zile za 2003: Tikolo, Thomas Odoyo, Obuya. Katikati ya miaka hiyo kulikuwa na ugomvi wa viongozi, migomo ya malipo, nahodha wa zamani Maurice Odumbe kufungiwa miaka mitano, na timu kubwa hazikutaka kucheza nasi mara kwa mara. Kijana wa ligi ya wikendi Nairobi utamwandaaje kwa Malinga? Mara ya kwanza kukutana na mpira ule ni Kombe la Dunia, mbele ya kamera.

Alama zangu: upigaji nyota moja na nusu, ile nusu ni ya Obuya. Urushaji nyota moja, nimekata kwa waidi. Maandalizi sifuri, na hizo si za wachezaji. Mwaka 2014, baada ya michujo iliyochezwa New Zealand, Kenya ikapoteza hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja.

Nyinyi mngempa nani lawama ya Delhi? Niandikieni, na msiniambie ni hali ya hewa.