Kukamua alizeti kijijini Singida: laini ya gridi au jenereta?

Mota kubwa za mashine ya kukamua zinataka umeme wa njia tatu, volti 400. Hapo ndipo wengi wanapokwama: nguzo zipo, waya unapita juu ya paa la kiwanda, kumbe ni wa njia moja, volti 230, wa taa na redio. Kuvuta laini mpya na kufunga transfoma kunakula mtaji mapema, tena kuna kusubiri. Baada ya hapo uniti ni nafuu mno kuliko dizeli.

Jenereta unaiwasha siku ileile. Ila mafuta yake hubebwa kwa mapipa kutoka mjini, na mvua zikikata barabara, mashine zinanyamaza, magunia yanarundikana hadi mlangoni. Mimi ningeanza na laini. Jenereta iwe ya akiba.