Kipima Pawasaplai cha Shilingi 45,000: Kinasema Kweli, ila Nusu Tu

Ssebo, nyabo, karibuni tena, kuanzia Arua mpaka Busia, na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka pia. Hiki hapa mkononi ni kipima pawasaplai, lile boksi linaloipa kompyuta umeme. Hakina jina la kampuni popote, nimegeuza huku na huku sijaliona. Nimekitoa Wilson Road hapa Kampala kwa shilingi 45,000. Muuzaji alianzia 70,000, kwa hiyo ukifika pale usione haya kubishana. Uzito wake, rangi yake, hayo tuyaache, mnakiona wenyewe.

Nimekileta kwa sababu ya swali ambalo halikauki kwenye maoni yenu: "Fundi, nawasha kompyuta, feni zinazunguka, inazima, inajiwasha yenyewe, inazima tena." Mimi kwanza nakuuliza, inafia wapi? Ikifika kwenye nembo ya Windows ndipo ianguke, anza kushuku diski au Windows yenyewe, jaribu kuingia kwa hali salama. Na wewe uliye bado na Windows 10, msaada wake wa kawaida uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ila ugomvi huo tuuweke kiporo. Ikifa kabla skrini haijaonyesha kitu, chomoa RAM, zile kadi za kumbukumbu, sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, rudisha moja moja. Bado? Basi tugeukie pawasaplai.

Sogeza kamera. Hii ni pawasaplai ya jirani yangu, mashine yake ina ugonjwa huohuo. Nachomeka plagi kubwa ya pini 24... mlio huo, imewaka. Soma na mimi. Volti 12 inasoma 12.1. Volti 5 iko 5.0. Ile ya 3.3 iko palepale. Safi kabisa! Sasa angalia kona hii, pameandikwa PG, na mbele yake 280. Wengi wanairuka hii namba, na mimi ndiyo iliyonifanya nitoe hela.

PG ni "Power Good", yaani umeme uko sawa, na inapita kwenye waya wa kijivu. Pawasaplai ikiwashwa haiwi tayari papo hapo. Ikishatulia, inatuma ishara kwa waya huo: umeme uko sawa, endelea. Kabla ya ishara hiyo madabodi, ile bodi kuu, inamshikilia prosesa asianze kazi, kama kondakta wa matatu anayemzuia dereva mpaka abiria wa mwisho apande. Ishara inatakiwa ifike kati ya milisekunde 100 na 500, na ile 280 yetu imo humo. Ikikatika katikati, madabodi inaanza upya. Ndiyo ule washa-zima unaowaliza.

Malitimita yako ya elfu ishirini haitakuonyesha hili. Volti itakupa vizuri tu, tena kwa usahihi kuliko hiki, lakini jambo linaloisha kabla hujapepesa jicho utalisoma vipi?

Sasa msikimbie, utamu ndio unakuja. Namba zote safi, PG safi, na bado kompyuta ya jirani haiwaki. Kidude kinadanganya? Hakidanganyi. Ni kwamba chenyewe hakibebeshi pawasaplai mzigo wa maana. Kwa hiyo nimepita Kisekka, soko la vipuri vya magari, nikachukua taa ya mbele ya gari, ya volti 12, wati 55. Hiyo inavuta zaidi ya ampea 4. Waya wa njano huku, mweusi huku, kwenye plagi ya pini nne iliyobaki. Tazama skrini... 11.9... 11.6... 11.2, halafu LL, yaani volti iko chini mno, na makelele. Kikomo cha chini ni 11.4, imepita! Subiri, naizima, ipoe, niiwashe tena taa ikiwa tayari imeungwa. Moja, mbili... Mmeona? Taa imemulika kidogo, feni imetetemeka, kimya. PG haikufika kabisa. Taa ikiwa baridi inanyonya mkondo mwingi ghafla, na kompyuta nayo hufanya hivyohivyo inapoamka, pale diski na feni zinapoanza kuzunguka kwa pamoja.

Kwa hiyo fundi akikuambia "nimepima, imepita," mwulize alipima na mzigo gani.

Kabla sijasahau, kuanzia wiki hii video zinatoka Jumapili jioni. Siku za kazi jenereta la jengo hili linanguruma mpaka mnaniandikia kwamba hamsikii.

Kero yangu kubwa sasa. Kompyuta nyingi tunazonunua hapa mjini ni zile zilizostaafu maofisini. Dell OptiPlex 9020 ina plagi kuu ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Kidude hiki kinapokea 20 na 24 tu! Adapta zipo, lakini ndani ya boksi hamna hata moja. Nilikuwa nikisema kila nyumba iwe nacho. Hapana, narudi nyuma. Kama una kompyuta moja tu nyumbani, azima pawasaplai nzima ya rafiki, ya aina hiyohiyo, ujaribu nayo. Wewe fundi mwenye foleni ya wateja, kinunue, na taa ya gari usiisahau.

Na msifungue hilo boksi la chuma la pawasaplai, tafadhali. Umeme wetu wa volti 240 ukishageuzwa humo ndani unafika karibu volti 340, na kapasita hubaki na chaji hata ukichomoa waya.

Jirani ananunua nyingine kesho. Nimemwambia asisome maandishi makubwa ya "500W", atafute mstari wa volti 12 kwenye stika. Ukikuta ampea 16, zidisha kwa 12: wati 192. Hizo ndizo prosesa na kadi ya picha zitakazogawana, hizo nyingine ni za kupamba stika. Ngoja nichomoe taa hii, inaunguza meza. Jumapili basi, na mwenye OptiPlex aje na adapta.