Kuvunja vifaa mchezoni: orodha au ustadi?
Katika mchezo wa kompyuta wa maandishi tunaoutunga hapa Lubumbashi, mji wa shaba, kifaa kikuukuu kinaweza kuvunjwa ili kupata malighafi yake kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni orodha isiyobadilika: panga hutoa vipande 3 vya shaba na mpini 1, kila mara. Ni rahisi kuiandika, lakini duka likiuza panga kwa bei iliyo chini ya thamani ya shaba yake, wachezaji watanunua, kuvunja na kuuza shaba bila kikomo mpaka fedha ya mchezo ipoteze thamani. Njia ya pili hupima ustadi wa fundi, uchakavu wa kifaa na bahati kidogo. Mwanagenzi husoma «Shaba imeungua, umebakiwa na kipande 1», na katika mchezo usio na picha sentensi hiyo ndiyo raha yenyewe. Naichagua hii, mradi mavuno yasizidi kamwe malighafi iliyokiunda kifaa.